Shahidi wa Bibi Noh

Pale Gunsan, Korea Kusini, kama kwingineko kote wanakotumwa kuhubiri, vijana wa Kimormoni wanaitwa Mzee. Mzee Tolman alikuwa na chunusi kidevuni, na nguo zake zote za safari alichaguliwa na mama yake huko Idaho, lakini beji nyeusi kifuani ilisema Mzee, na watu wa kanisa walimwita hivyo bila hata kutabasamu. Aliyecheka ni Bibi Noh Mal-sun peke yake.

"Mzee wa nini? Mzee ni mimi hapa, magoti yameshakwisha. Wewe ni Kijiti."

Akawa Kijiti.

Bibi Noh aliuza vitoweo sokoni: kimchi za kila namna, yaani kabichi na mboga zilizochachushwa kwa pilipili, majani ya ufuta yaliyolowekwa kwenye mchuzi wa soya, dagaa waliokaangwa kwa sukari. Tolman alimpata siku ya mvua. Alimkuta akiburuta gunia la chumvi, akamwachia mhubiri mwenzake mwavuli, akalibeba mpaka ndani, na tangu hapo akawa anarudi kila wiki. Kikorea chake kilikuwa cha mateso. Alijenga sentensi kichwani tofali kwa tofali, na alipofikia kuezeka, mazungumzo yalikuwa yameshahama. Watu wengi walimwonea huruma, kisha wakaangalia saa. Bibi Noh alimenya vitunguu saumu akisubiri.

"Umefika?"

"Nimefika, bibi."

"Haya sema tena, sasa kwa sauti. Mimi sina masikio ya panya."

Kwa mwendo huo wa kobe akamfundisha habari za manabii, za familia kukaa pamoja hata baada ya kifo, na za kuacha kahawa. Manabii hawakumsumbua bibi. Kahawa ndiyo iliyoleta ugomvi, maana hakuwa amewahi kufungua duka bila kikombe chake cha kahawa ya pakiti, tamu kama dawa ya kikohozi. Aliiacha kwa manung'uniko, akahamia maji ya shayiri, akasema yuko tayari kubatizwa.

Tolman alikuwa anakaribia kumaliza miaka yake miwili, na katika muda wote huo hajambatiza mtu hata mmoja kwa mikono yake. Vijana walioondoka naye nyumbani walishatuma picha zao, wamevaa nyeupe, nywele zimelowa, wamesimama na watu wao. Kila Jumatatu, siku ya kufua na kupiga simu, mama yake aliuliza swali lile lile.

"Na yule bibi yako je?"

"Bado kidogo, mama."

"Baba yako ameshaitoa ile picha ya farasi ukutani. Nafasi iko wazi, inakusubiri wewe."

Ndipo akaletwa Mzee Faleafa.

Faleafa alitoka Apia, kule Samoa, kijana mnene mwenye kicheko cha kutikisa vyombo, na Tolman ndiye aliyepewa kumfunza kazi na lugha. Asubuhi walikaa kwenye sakafu yenye joto, vitabu vimefunguliwa. Tolman alikuwa amebandika vikaratasi vya maneno kila mahali, hadi kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali. Faleafa alifunua sufuria akala. Kisha wakatoka, na mgeni huyo wa juzi akasimama kupiga soga na mlinzi wa maghorofa, na dereva wa basi, na mama anayeuza supu ya keki za samaki pale kona. Alikosea mno. Alikosea kwa sauti kubwa, watu wakaangua kicheko, yeye akacheka kuwazidi, na kesho yake kosa lile halikurudi. Tolman hakuwa anakosea, kwa kuwa hakuwa anasema.

Na sheria yao unaijua: wawili wawili, saa zote, usimwache mwenzako akatoka machoni pako isipokuwa chooni. Kama kuna adhabu iliyobuniwa mahsusi kwa mtu mwenye kijiba cha roho, ni hiyo. Tolman aliamka na Faleafa, akapiga pushapu na Faleafa, akala tambi na Faleafa, akapiga magoti kando ya Faleafa na kumwomba Mungu ambariki Faleafa. Mdomo ndio ulioomba. Moyoni alitamani siku moja tu, moja tu, ulimi ule mwepesi ujifunge fundo mbele za watu.

Sokoni ndiko kulikomuuma zaidi. Bibi Noh alimpokea mgeni kwa jina jipya siku ile ile ya kwanza.

"Umeleta nini leo, Kijiti? Pipa?"

"Pipa tupu, bibi!" Faleafa akajibu palepale. "Limekuja kujazwa!"

Bibi alicheka hadi akashika meza. Tolman alikuwa hajawahi kumchekesha namna ile. Alikuwa bado anatafuta neno la kumtambulisha mwenzake.

Siku ya kutengeneza kimchi ya msimu wa baridi, wanawake wa soko walikusanyika dukani kwa Bibi Noh, kabichi zimerundikwa mpaka mlangoni. Tolman alipewa kubeba beseni. Faleafa alivishwa glavu za rangi ya waridi hadi viwikoni, akaketishwa katikati ya wanawake, akipaka pilipili kwenye majani na kusimulia habari za shangazi zake. Walikuwa wakimlisha kwa mkono. Bibi Noh mwenyewe alikunja nyama ndani ya jani la kabichi, akapita mbele ya Tolman, akalisokomeza kinywani mwa Faleafa. La pili akampa Tolman. Tolman alilitafuna, lakini hata ladha hakuipata, kwa sababu alikuwa anahesabu nani kaanza.

Halafu bibi akajifuta mikono.

"Nimeamua. Jumapili, Pipa ndiye ataingia na mimi majini."

Wanawake wakapiga makofi. Katika kanisa lao anayebatizwa ndiye anayechagua wa kumbatiza, na akishachagua hakuna wa kumpinga. Tolman alisimama na beseni lake.

"Wewe, Kijiti, utasimama ukingoni. Utakuwa shahidi wangu. Unajua kwa nini nimetaka—"

"Sawa, bibi. Hamna neno."

"Ngoja nikwambie."

"Hamna neno, bibi." Akatoka nje na beseni, akamwaga maji ya chumvi mtaroni, akabaki akiliangalia beseni tupu kana kwamba ndilo lililomkosea.

Njiani kurudi Faleafa alijikokota nyuma yake.

"Mzee, mimi sikuomba. Nikamwambie abadilishe?"

"Usimwambie kitu."

"Lakini yule ni mtu wako."

"Mtu wangu gani? Si amekupenda wewe? Kila mtu anakupenda wewe. Vaa nyeupe zako uingie."

Faleafa akaendelea kumfuata. Alikuwa na tabia nyingine ya kuudhi: hakuwa na kinyongo.

Sasa, Bibi Noh aliogopa maji. Alipokuwa msichana aliteleza akaanguka kwenye bwawa la kumwagilia mpunga, na tangu siku ile hakujitumbukiza tena popote. Hata kwenye nyumba ya kuogea ya umma, wenzake wakiwa wamezama hadi shingoni wanasengenya, yeye aliketi pembeni kwenye kigoda na kujimwagia kwa kata. Siri hiyo alimpa Tolman peke yake, na Tolman ndiye aliyemfanyisha mazoezi dukani, kwenye stuli kati ya mapipa ya mchuzi wa soya: ziba pua, egemea nyuma, kunja magoti, miguu ibaki chini. Maana sheria yao ni kuzama mwili mzima. Mashahidi wawili husimama ukingoni, na unywele, pindo au kidole kikibaki juu ya maji, kazi inaanza upya.

"Mara ngapi?" bibi alikuwa akiuliza kila mara.

"Mara moja, bibi. Mara moja tu. Ukitoka, basi."

Jumapili hiyo chumba cha ubatizo kilijaa mvuke. Kiongozi wa tawi, Ndugu Ma, alikuwa amewasha moto wa maji tangu alfajiri. Dada Bang, shahidi wa pili, alisimama upande wa kichwani, Tolman upande wa miguuni. Bibi Noh alishuka ngazi akiwa na gauni jeupe na soksi nyeupe, anatetemeka, kucha amezikaza kwenye mkono wa Faleafa. Alipofika chini akainua uso na kumtafuta Tolman. Alipomwona, akatulia kidogo.

Faleafa akainua mkono wa kulia. Tolman midomo ilimcheza, akiyafuata maneno ya ubatizo moja baada ya jingine, akisubiri kosa. Halikuja. Kikorea kilitoka laini, cha heshima, kila kitu mahali pake. Bibi akaziba pua, akakunja magoti kama walivyofanya dukani, akaenda chini.

Tolman aliiona miguu yake waziwazi. Ilikuwa imetulia kwenye vigae vya buluu, na mguu mpana wa Faleafa umeikanyaga ili isipande. Hakuna kilichotokeza. Bibi akaibuka akikohoa, macho yamemtoka, amemkumbatia Faleafa kwa mikono yote miwili, na watu wakaguna kwa furaha. Dada Bang akatikisa kichwa kukubali. Ikabaki zamu ya Tolman.

Akaangalia ile mikono iliyomkumbatia Faleafa. Wivu ukampanda.

"Hapana," akasema. "Mguu umejitokeza. Kidole cha kushoto. Inabidi arudie."

Sentensi zilitoka nzima, bila kusita, kwa sauti. Alikuwa hajawahi kuzungumza Kikorea kizuri namna ile.

"Mguu?" Faleafa akauliza.

"Nimeona."

Bibi Noh alikuwa anatetemeka, nywele zimemganda usoni. "Tena? Kijiti, ulisema mara moja."

Tolman alikaza macho majini. Ndugu Ma akasonga mbele kidogo, akasita, maana neno la shahidi ni neno la shahidi. Bibi akajifuta macho, akamtazama Tolman kwa muda.

"Kama Kijiti ameona, ameona," akasema, na kumgeukia Faleafa. "Haya. Upesi, kabla sijakimbia."

Safari hii Faleafa alianza, akakwama. Jina la bibi likampotea. Akaanza upya, sauti ikamkatika katikati, Ndugu Ma akamwashiria arudie tena kutoka mwanzo, na bibi yumo majini anasubiri, meno yanagongana. Lile fundo Tolman alilolitamani tangu siku ya kwanza ndilo hilo, mbele za watu wote. Alilipata.

Bibi alipozamishwa mara ya pili hakukunja magoti. Woga ulimshika akapapatika, mguu wa Faleafa ukateleza, na soksi nyeupe ikaruka juu ya maji, mguu mzima hadi kwenye kifundo. Dada Bang alikuwa anapangusa mvuke kwenye miwani. Bibi akatolewa juu amemeza maji, analia kama mtoto, na macho yote yakarudi kwa Tolman.

Akatikisa kichwa kukubali.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Faleafa aliketi kwenye benchi, maji yakimchuruzika, hata taulo hakuichukua.

"Mzee. Ile mara ya kwanza nilikuwa nimemkanyaga miguu."

Tolman alikuwa anafunga tai ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

"Mzee, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi," Faleafa akasema, akainuka na kuanza kukamua suruali yake. Kutoka hapo wangeenda pamoja kula, na pamoja kulala, na pamoja kuamka.

Ukumbini kulikuwa na keki za mchele na machungwa. Bibi Noh alikuwa amekaa karibu na hita, kajifunika blanketi la Dada Bang, soksi bado zimelowa. Akampungia mkono Tolman aje, akampigapigia sakafu kando yake. Tolman akapiga magoti.

"Siku ile dukani hukutaka kunisikiliza," bibi akasema. "Sasa utanisikiliza. Nilipoanguka bwawani, watu walikuwepo. Kaka zangu, jirani zetu, wote ukingoni wanacheka na kupiga soga. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Unanielewa? Sikuzama kwa kukosa watu."

"Nakuelewa, bibi."

"Pipa ana nguvu, atanibeba. Lakini anayebeba anaangalia mbinguni na maneno yake. Mimi nilitaka mtu wa kuniangalia. Nikajiuliza, nani katika dunia hii ananiangalia taratibu, bila haraka? Nikasema Kijiti." Akacheka kidogo, akakohoa. "Nilikasirika uliposema nirudie. Ningekuwa na kata ningekupiga nayo. Halafu nikasema, tazama, hata kidole amekiona. Kidole cha bibi kizee."

Akaweka blanketi kando, akaegemeza mikono yote miwili sakafuni, na yeye, bibi mwenye magoti yaliyokwisha, akamwinamia kijana yule.

"Asante, Mzee," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Tolman naye akainama hadi paji la uso likagusa sakafu, mbele ya zile soksi zilizolowa, na akabaki vivyo hivyo. Bibi alipomwambia inatosha, inuka ule, hakuinuka.