Gazeti Lililomfungasha Feza

Godoro la Feza lilikuwa tayari juu ya pikapu, limefungwa kamba, nami nimeshikilia sufuria zisigongane. Alikuwa anahama Bugarama, Rwanda, kurudi kwao Bukavu, Kongo. Hakufukuzwa na polisi. Alifukuzwa na gazeti.

Kinu chetu cha ushirika cha kukoboa mpunga kilikopesha mchele kwa wafanyabiashara wa Bukavu. Vita vikafunga njia, malipo yakakwama, wakulima wetu wakakaa mikono mitupu. Gazeti moja la Kigali likaandika kwa herufi kubwa: MKONGOMANI ANACHEZA, MNYARWANDA ANALIA. La Bukavu likajibu kwamba Mnyarwanda ni mchoyo, angemdai hata maiti. Mimi nimelala Uvira, Kalemie, Gitega. Wasiolipa madeni na wachoyo niliwakuta kote, na hakuna aliyenionyesha pasipoti.

Feza hakukopa hata punje. Kazi yake ni kupepeta mchele hapo kinuni. Ila tangu gazeti lifike, wanawake wenzake waliacha kukaa naye turubai moja.

Mwenyekiti wa kinu, Maman Mukabalisa, akaja kuhakikisha anaondoka.

“Usinikasirikie, Feza. Batu bamesoma.”

“Maman, mimi nilikula muchele ya nani?”

“Sisemi weye. Nasema bandugu yako.”

Mucyo, dereva, alikuwa kwenye usukani akifunua kurasa za ndani za gazeti lile la Kigali. Akaangua kicheko.

“Maman, hii picha uliiona? ‘Wakongomani wadaiwa wakicheka kinuni.’ Huyu wa katikati, wa kitenge cha njano, si weye?”

Alikuwa yeye. Mukabalisa ni Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, kama nusu ya watu wa kinu, na kazini tunataniana kwa Kiswahili. Mwandishi alitusikia, akatutia sote gunia moja la Wakongomani. Naye Mukabalisa, kama sisi wote, alikuwa amesoma kichwa cha habari tu.

“Mimi Mukongomani? Papa yangu balimuzika Mibirizi, hapa hapa Rwanda!”

“Na deni, Maman,” Feza akauliza, “utalipa siku gani?”

Mukabalisa akapanda pikapu mwenyewe, akaanza kufungua fundo kwa meno.

“Mzee, pokea godoro,” akaniambia.

Feza bado anapepeta mchele Bugarama, turubai moja na wenzake. Njia ilipofunguka, yeye na Mukabalisa walikwenda Bukavu kudai, wakalala kwa dada yake Feza. Wafanyabiashara wanalipa kidogo kidogo, na wakulima wameanza kupata chao. Mucyo alidai mafuta ya safari isiyokuwepo, akapewa mchele. Gazeti lilijisahihisha kwa mistari miwili, chini ya matangazo ya vitu vilivyopotea. Mimi nimehamia Kamembe, mpaka miguu iwashe tena.