Ukuta wa Kadite na Mawe ya Kusagia

"...Na la mke wako mwenyewe limo humo, shemeji! Inama utazame!"

Jamani, Sagoya aliinama! Akaliona jiwe la kusagia la mkewe limekaa ukutani, kichwa nje, mgongo umebonyea kwa miaka ya kusaga mtama, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyemkuta ng'ombe wake anakamuliwa na jirani.

Ila tusianzie mkiani.

Kadite alifiwa na mumewe baada ya mavuno. Kwetu Konso mlimani, ambako kila shamba limeshikwa na ukuta wa mawe, mtu ni kuta zake. Ukuta ukisimama, udongo wako unakaa kwako. Ukilala, udongo unateremka kwa jirani wa chini nawe unabaki unalima mwamba. Na ukuta wa Kadite, maskini, mbuzi waliupanda, jiwe likatoka, lingine likalifuata, nusu nzima ikalala.

Sagoya, kaka wa marehemu, akaja mikono mgongoni.

"Shemeji, pole."

"Nimeshapoa."

"Ukoo tumekaa. Mvua ikikuta ukuta bado uko chini, nitaujenga mimi. Na atakayejenga ndiye atakayelima."

"Na mimi?"

"Utakula kwangu. Nani atakunyima?"

"Mimi si kuku, shemeji, nimwagiwe punje uani."

Sagoya akacheka. Alikuwa na sababu ya kucheka, maana keshapita kwa wanaume wote wa kikundi cha kazi. Kadite alipowaita waje kumjengea, kama ilivyo desturi, kila mmoja alikuwa na mgongo unaouma. Migongo yote, siku hiyohiyo!

Basi Kadite akauchukua mtaimbo wa marehemu, akashuka shambani peke yake. Wanawake kwetu hawapangi mawe, wanabeba tu. Lakini mtu aliyebeba tangu utoto, akasimama kwenye kila ukuta na jiwe kichwani akisubiri fundi alipokee, si ana macho? Alichimba msingi mpaka ardhi ngumu. Akatanguliza makubwa. Kila jiwe akalikalisha juu ya mawili, ukuta akaulaza kidogo kuelekea mlimani, na nyuma akashindilia vifusi ili maji yapite yasije yakasukuma.

Wanaume wakipita njia ya juu wanamrushia maneno.

"We Kadite! Unajenga ukuta au jiko?"

"Jiko! Lete huo ulimi wako niukaange!"

Mama mkwe wake, bibi Asketo, alikuwa akishuka na fimbo yake kumtazama. Sagoya ni mwanawe wa kumzaa, lakini kikongwe yule hana upande ila wa kweli. Siku moja akauzunguka ukuta, akaugonga kwa fimbo.

"Mwanangu, ukuta wako una mimba."

Kadite akarudi nyuma akaangalia. Kweli! Katikati umevimba kama chura. Hakuwa na mawe marefu, yale yanayoingia mpaka ndani ya mlima kuushika ukuta usitoke tumbo. Mawe hayo yako korongoni, na hayanyanyuliki na mtu mmoja. Kwa upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, meusi, yana haraka.

Aliketi chini akalia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, mnaijua tofauti. Kisha akasimama, akaubomoa ule uvimbe wote kwa mikono yake, akapanda nyumbani. Akarudi na jiwe lake la kusagia, refu, bapa, zito kama dhambi.

"Na kesho utasagia nini?" akauliza bibi Asketo.

"Kesho sisagi."

Bibi akalipima lile jiwe kwa fimbo yake. Halafu akaguna, "Langu ni refu kuliko hilo. Kalichukue."

Haya, kisimani habari hiyo ilifika kabla ya maji! Wanawake wakaangaliana. Nani anasaga mtama kuanzia alfajiri? Nani anapika pombe, waume zao wanywe kibuyu baada ya kibuyu ndipo wapate nguvu ya kujenga? Na leo wanamkatalia mwenzao! Mmoja akaja na jiwe mgongoni. Wa pili akaja. Vijana wa kike wakaja wawili wawili wamebeba la mama yao katikati, wanacheka mpaka wanataka kuliangusha. Wa mwisho akaja mke wa Sagoya, anahema.

"Akiniuliza, mwambie limepotea."

"Dada, atakupigia kelele."

"Akiwa na njaa? Kelele zitatoka wapi?"

Na njaa ilikuja, wallahi! Hakuna unga, hakuna matonge, hakuna pombe. Mboga ya mlonge tupu asubuhi, mlonge tupu jioni. Mashine ya kusaga iko mjini, na mlima ni uleule kwa kushuka na kwa kupanda. Wanaume wakateremka kwa Kadite wote kwa mpigo, Sagoya mbele.

"Toa mawe ya wake zetu!"

Hapo ndipo Kadite alipomwambia ainame atazame.

"Yatoe mwenyewe, shemeji. Anza na la mkeo."

Sagoya akanyoosha mkono. Akaurudisha. Kwetu hapa, uking'oa jiwe kwenye ukuta uliosimama, hata wajukuu wako hawaitwi kwenye kazi ya watu. Akageuka kwa wenzake, kila mmoja anatazama vidole vya miguu yake.

"Bado mvua," akasema. "Mvua ndiyo itakayosema."

Na mvua hiyo hapo! Ilishuka palepale kama iliyokuwa imejificha ikisikiliza. Hakuna aliyekimbia. Kadite alisimama chini ya ukuta wake, kabisa chini yake, na mgongo ameuegemeza kwenye mawe.

"Toka hapo, utafunikwa!" Sagoya akapiga kelele.

"Ukinifunika, shamba chukua!"

Maji yakajaa juu. Udongo ukalewa. Kadite akausikia mlima unamwegemea mgongoni, mzito, na mawe yakilia kidogo yakijipanga. Kisha kati ya jiwe na jiwe maji yakaanza kutoka, membamba, mengi, yakamlowesha shingo. Safi! Hayana tope! Udongo wake umebaki juu, wote.

Mvua ilipopungua, bibi Asketo akamnyooshea mwanawe fimbo. "Haya, Sagoya. Ulisema nani atalima?"

Sagoya akajifuta maji usoni.

"Aliyejenga," akasema Sagoya.

"Sauti! Masikio yangu yameingia maji."

"Aliyejenga, mama! Kadite!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata mbuzi walikimbia. Na katikati ya vigelegele mke wa Sagoya akauliza kwa upole kabisa, "Sasa, baba, jiwe langu jipya utanichongea lini?"

Hivi ninavyosema, wanaume wote wako korongoni na patasi, na Sagoya keshajiponda kidole gumba. Mawe wanayoyatoa, nyie, hata moja halikai sawa! Hayo mtayapata kesho, acheni kwanza nikimbilie korongoni nikajionee mwenyewe.