Sahani ya Makori

Makori alikwenda Uganda mwanzoni mwa mwaka wa 1970 kufanya kazi katika kiwanda cha sukari. Mkewe, Bosibori, alibaki Nyansiongo kwenye shamba walilogawiwa wazungu walipohama, pamoja na ng'ombe wawili wa maziwa na mbwa wa madoadoa aliyeitwa Kanga. Binti yao wa pekee, Nyanchera, alikuwa ameolewa Marani. Kwa karibu miaka mitatu barua zilikuja. Ya mwisho ilifika Novemba 1972, mistari sita tu: hali ya huku si nzuri, nitakuja. Baada ya hapo, kimya.

Bosibori hakuacha kupika ugali wa watu wawili. Kila jioni, jua likiwa bado liko juu ya michai, alipakua, akaifunika sahani ya mumewe kwa sahani nyingine na kuiweka mahali pake mezani. Kisha alikula chake taratibu, masikio yakiwa barabarani. Akishamaliza kuosha vyombo, aliibeba ile sahani nje na kummwagia Kanga. Kutupa chakula ni dhambi, na kukila yeye mwenyewe hakuweza. Kilikuwa na mwenyewe.

"Mama Nyanchera, unampikia nani?" jirani yake Loice alimuuliza siku moja alipomkuta akifunika sahani.

"Nampikia mwenye nyumba. Akifika na njaa nitamwambia nini?"

Loice aliitazama ile sahani, akaaga.

Kanga alinenepa. Mwanzoni watu walimsifu, wakisema mbwa wa Bosibori anang'aa kama fahali wa maonyesho. Lakini baada ya mwaka mmoja hakuwa tena na shingo. Aliacha kuzunguka mpaka wa shamba, akawa anabweka akiwa amelala. Bosibori alisema ni uzee, ingawa mbwa mwenyewe alikuwa hajafika miaka saba.

Sabato moja ya mwezi wa pili, 1974, Kanga alimfuata kanisani kama desturi yake. Katikati ya mlima miguu ya nyuma ikamlegea. Akaanguka kando ya njia, ulimi nje, anahema kama mvukuto. Bosibori alijaribu kumwinua akashindwa. Waumini walimpita, wengine wakimpa pole, wengine wakimwambia mbwa ni mbwa, twende. Alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake jeupe, akamlaza kichwa mapajani. Huko juu wimbo wa kwanza ukaanza, ukafuata wa pili. Hakwenda. Alimpepea Kanga kwa kitambaa cha kichwa na kumwambia kwa Ekegusii, lugha ya kwao, "Usiniache na wewe."

Jumatatu bwana mifugo, kijana aliyeitwa Andrew, alikuja kumtibu ng'ombe aliyevimba kiwele. Alipomaliza, Bosibori alimwomba amtazame na mbwa. Andrew alichuchumaa, akapitisha vidole ubavuni mwa Kanga akitafuta mbavu. Hakuzipata.

"Huyu haugui, mama. Ameshiba kupita kiasi. Anakula nini?"

Bosibori alimwonyesha sahani.

"Yote? Hii ni shibe ya mwanamume anayeshinda akilima."

"Ndiyo," alisema Bosibori. "Ni yake."

Andrew aliitazama sahani, akamtazama mama, akaelewa nusu. Akashusha sauti. "Moyo wake unabeba mzigo mkubwa, mama. Ukiendelea hivi hafiki Desemba. Mpe ugali kiasi cha ngumi yako asubuhi, na kiasi hicho hicho jioni, na maziwa kidogo uliyoengua mafuta. Basi. Ukimpapasa uzihisi mbavu, lakini usizione kwa macho. Hapo ndipo penye kipimo."

Jioni ile alimpa Kanga ngumi moja ya ugali. Sahani ya Makori ikabaki mezani, imejaa. Kanga alilia mlangoni, akakwaruza ubao, akaja kumwekea kidevu gotini. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Bosibori alishindwa, akammwagia yote, akasimama akimtazama anavyokula na machozi yakimtoka.

Hapo ndipo alipotambua kwamba tatizo halikuwa mbwa. Lilikuwa sufuria. Mkono wake ulichota unga wa wawili kabla yeye hajafikiri.

Kesho yake alikwenda kwa Loice. Alikaa, akazungumza habari za mahindi, kisha akasema, "Niazime sufuria ndogo. Ile unayowapikia watoto uji."

Loice aliacha alichokuwa akifanya. Alikuwa amemngojea mwenzake aseme neno kama hilo kwa muda mrefu, na sasa liliposemwa hakulifurahia. "Umepata habari?" aliuliza.

"Sijapata. Naazima tu."

Alipika ugali wa mtu mmoja. Ulitoka mdogo kama wa mchezo wa watoto. Alikata kipande cha Kanga, akaweka chake mbele yake, na mahali pa Makori mezani pakabaki ubao mtupu. Akasema kwa sauti, kana kwamba mumewe amekaa pale:

"Sijakuzika. Siku utakayokuja nitakupikia upya. Mimi nimekungoja miaka minne; wewe utangoja maji yachemke."

Kisha akala.

Kanga alilia wiki mbili, halafu akazoea. Mahindi yalipofika magotini alikuwa ameanza tena kuzunguka mpaka. Mwezi wa saba Bosibori alimpapasa akiwa amekaa kizingitini, na vidole vyake vikazihisi mbavu, moja baada ya nyingine.

Mwaka uliofuata mtu wa Masimba aliyerudi kutoka Uganda alipita Nyansiongo, akauliza njia mpaka kwake. Alisimama uani, kofia mkononi. Alisema alimwona Makori sokoni Jinja, Pasaka ya 1973. Walisalimiana, wakaachana. Baada ya hapo hakumwona tena, wala hakusikia lolote.

Bosibori alikuwa ameshika ndoo ya maziwa. Aliiweka chini polepole. Kati ya maswali yote aliyokuwa ameyahifadhi, moja tu lilimtoka.

"Alikuwa anakula vizuri?"

Mgeni aliinamisha kichwa. "Sikumuuliza, mama," alisema.