Landrova Lililofungwa Nira na Sabuni

Wewe umewahi kupita njia ile, na ulipofika mtoni uligeuza uso. Usikatae. Ulikuwa kiti cha mbele, kioo umepandisha, ukajifanya unatafuta mtandao kwenye simu mpaka dereva akageuza gari kurudi Bariadi. Watu wa kijiji chetu, Lingeka, walikuwa wamesimama ng'ambo, wanakupungia mikono. Sasa nitakueleza ulichokosa. Nitakueleza taratibu, maana mimi sisahau kitu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha ardhi. Fundi Paschal kutoka Bariadi alikuwa amelala chali chini ya Landrova la mzee Mayige, miguu nje, kuku wakimkanyaga magoti. Alikuwa ameleta springi nene za gari kubwa zaidi, shokapu mpya nne, bushi za mpira mfuko mzima, na stelingi ya pawa aliyoing'oa kwenye gari jingine lililopinduka. Stelingi ya zamani ilikuwa imetupwa pembeni, na mbwa alikuwa ameshailalia.

Landrova lile lilikuwa limeshindwa mara mbili kumpeleka Jenifer kanisani. Jenifer ni binti wa Mayige. Mchumba wake, Anatoli, ni mnunuzi wa pamba pale Bariadi mjini. Ng'ombe wa mahari walikuja kutoka kwa kina Anatoli mto ukiwa umejaa, wakaogelea wote, wakatoka ng'ambo wakajikung'uta. Bibi arusi ndiye ambaye hakuvuka. Mara ya kwanza springi za mbele zilikatika mtoni. Mara ya pili stelingi ilikufa katikati ya mchanga, usukani unazunguka na magurudumu hayana habari. Pilau ililiwa Bariadi bila bibi arusi, mara zote mbili, na baba yake Anatoli alishaanza kusema kwenye simu kwamba ng'ombe waliovuka kuja wanajua pia njia ya kurudi.

Harusi ya tatu ilipangwa wiki moja baada ya Pasaka. Kabla ya hapo ni Kwaresima, padri hafungishi. Baada ya hapo ni msimu wa pamba, Anatoli hana hata muda wa kunyoa ndevu. Kwa hiyo ilikuwa lazima ifanyike mvua zikiwa zinanyesha, na harusi ya nne haikuwepo.

Utauliza daraja. Daraja lipo kwenye hotuba. Nalikumbuka jiwe la msingi, lilivishwa kitambaa cha buluu, waheshimiwa wakakata utepe, soda zikagawiwa kwa waliokaa kwenye viti tu. Mvua zilizofuata mto ukalimeza jiwe. Mwaka wa pili yake ukammeza Ng'washi, mama yake Jenifer, akitoka kliniki na kadi ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Kadi ilipatikana, kavu kabisa.

Paschal alimaliza kazi jua likiwa utosini. Landrova lilikuwa limenyanyuka, mtoto angeweza kupita chini bila kuinama. Mayige akaliwasha, akazunguka nalo mwembe na zizi kwa kidole kimoja. Kisha akaliachia usukani, likaenda kushoto mpaka kwenye ukuta wa jiko.

"Linavuta kushoto, mzee," Paschal alisema. "Hapa kinatakiwa kipimo cha magurudumu. Kipo Mwanza."

"Maksai mgeni akivuta kushoto, unampeleka Mwanza?"

"Namfunga nira na mzoefu."

"Basi umeshajibu mwenyewe."

"Mzee Mayige, hiki ni chuma."

"Na plau ni nini?"

Paschal alifuta mikono kwenye kitambaa. "Likiharibika usiseme ni Paschal."

"Nitasema ni Paschal. Nani mwingine alikuwa amelala chini yake?"

Upande wetu maksai asiyejua kazi hafundishwi na mtu. Anafungwa nira moja na mzee wa kazi, mgeni kushoto, mzoefu kulia, wanalima pamoja mpaka mgeni aache ujinga. Mayige alimchagua Sabuni, maksai mweupe wa ile mahari, ndiye aliyetangulia siku waliyovuka mto. Nira ikafungwa shingoni kwa Sabuni upande mmoja, na kwenye bampa la mbele upande wa pili. Plau ikawekwa nyuma. Injini ikaungurumishwa polepole, mlango ukafungwa, kiti cha dereva hakuna mtu. Wakaingia shamba la pamba.

Mfereji wa kwanza ulipinda kama nyoka aliyepigwa. Landrova lilivuta kushoto, Sabuni akasimama, akalitazama. Wakaendelea. Mfereji uliofuata ulipinda kidogo. Alasiri Violeth, dada yake Mayige, alipita na ndoo ya maji kichwani, akasimama kwenye tuta, akasalimu.

"Mwadila, kaka."

"Mwadila."

"Hilo jipya linapumua vizuri. Ila usilichape, bado geni."

"Nani kalichapa?"

Jioni mifereji ilikuwa imenyooka. Walipofunguliwa nira, Sabuni alikwenda zizini na Landrova likamfuata, likapita mlango wa miiba kwa kuinua gurudumu moja moja, la mbele kulia likitangulia, maana Sabuni huanza na kulia. Paschal alizitazama springi zake zikijikunja na kujikunjua, akasema shokapu zimekubali. Akadai nauli, akaondoka.

Kuanzia hapo Landrova halikulala nje tena. Likilazwa nje lilipiga honi mpaka majirani wakatukana. Lilipunguza dizeli, likaongeza mabua ya mtama. Kwenye makorongo halikushuka, lilinyanyua miguu na kupita juu. Akipanda mgonjwa springi zililegea zenyewe, akipanda diwani zilikaza. Usukani ulikuwa mwepesi, lakini Mayige aliushika kwa heshima tu, kama unavyomshika mkono mtu anayejua njia.

Habari ilimfikia afisa mifugo. Alikuja na pikipiki, akalikagua miguu, akaliandikisha, akalitoboa kioo cha pembeni na kulivika hereni ya njano yenye namba. Hereni ilifika ndani ya wiki. Daraja, nakukumbusha, bado.

Siku ya harusi mto ulikuja umejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, rangi ya chai ya maziwa, umebeba migomba ya watu. Ng'ambo ya pili Anatoli alikuwa amesimama na suti, suruali imekunjwa magotini, baba yake pembeni na fimbo, kwaya nzima nyuma yao. Upande huu Jenifer alikaa mbele, shela imewekwa ndani ya mfuko wa mbegu. Violeth na wanawake wanane walijaa nyuma na ngoma.

"Shangazi, likizama?" Jenifer aliuliza.

"Shika mkia."

"Lina mkia?"

"Lina bomba la moshi. Usinichoshe, mimi nataka kuimba."

Mayige aliondoa mikono kwenye usukani, akapiga mluzi. Landrova liliinamisha bampa, likanusa maji. Likainua gurudumu la mbele kulia, likalitumbukiza, likafuatisha jingine, kisha likajiachia. Maji yalifika kwenye taa, yakafika kwenye boneti. Likanyanyua pua juu na kuogelea, magurudumu yakipiga maji chini, stelingi ikijigeuza yenyewe kukwepa magogo. Wanawake waliimba. Katikati ya mto likasimama kupumzika. Sabuni naye husimama hapohapo akivuka. Chini yake pana jiwe la msingi, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo jiwe lile limewahi kufanya.

Jenifer aliyatazama maji mahali pale kwa muda. Hakulia. Alivua kiatu kimoja cheupe, akakidondosha taratibu, akasema, "Mayu, mama yangu, hiki chako. Twende harusini." Landrova likasubiri mpaka kiatu kizame, ndipo likaendelea.

Lilipotoka ng'ambo lilijikung'uta, likailowesha kwaya nzima, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Vigelegele vikapanda. Watu wakaanza kubishana papo hapo ni gurudumu gani lilitangulia kukanyaga nchi kavu.

Baba yake Anatoli hakuwa mtu wa kushangiliashangilia. Alilisogelea Landrova, akafungua boneti kama unavyofungua mdomo wa ng'ombe mnadani, akachungulia meno.

"Lina umri gani?"

"Limezaliwa kabla ya mwanao," Mayige alisema.

"Na limefundishwa na nani?"

"Na Sabuni wako."

Mzee alifunga boneti, akalipigapiga kwa kiganja. "Basi ng'ombe wabaki hukohuko. Huwezi kumtenganisha mwalimu na mwanafunzi."

Harusi ilifungwa, bibi arusi akiwa na kiatu kimoja. Pilau ililiwa naye akiwepo, na aliila sahani mbili. Walicheza mpaka padri akavua viatu. Landrova lilifungwa kwenye mti nje ya ukumbi, watoto wakalilisha majani, na mchinjaji mmoja akauliza kama linauzwa. Akafukuzwa.

Hii ni sehemu ya furaha, na ni ya kweli, sikuongeza kitu. Sasa sikiliza inayofuata.

Siku ile mtu wa ofisi ya barabara alikuwepo pale mtoni, amevaa kizibao cha njano, na kamera. Alipiga picha Landrova likitoka majini. Alikula pilau pia, nilimwona. Akaenda ofisini akaripoti kwamba njia inapitika mwaka mzima, magari yanavuka bila shida, fedha za daraja zipelekwe penye uhitaji. Zikapelekwa. Wapi, hakuna anayejua. Mzee Bundala wa kijijini kwetu alipokwenda kuuliza alionyeshwa picha, Landrova linacheka na hereni sikioni.

"Si mnapita?" aliambiwa.

Landrova linapita. Mvua zilizofuata lilimpeleka Jenifer kusalimia kwao na kumrudisha, mtoto mgongoni. Linavusha wagonjwa, linavusha pamba, likichoka linasimama juu ya jiwe. Ni moja tu. Watoto wa shule wanavuka asubuhi likiwa shambani na Sabuni, wanashikana mikono, madaftari kichwani. Paschal amewakagua. Anasema mtoto hafungiki springi, hana pa kuweka stelingi.

Mtu wa barabara anaingia ofisini saa mbili asubuhi. Mlango wake unaujua, umeupita mara nyingi ukiangalia simu. Mvua imeanza kunguruma upande wa Meatu hivi unavyosoma. Weka hii chini. Vaa viatu, vyote viwili, maana wewe unavyo. Nenda ukasimame mbele ya meza yake, uulize daraja liko wapi, na usiondoke ukionyeshwa picha. Si kesho. Nyanyuka, wa kulia utangulie.