Ruhusa ya Kufuta

Shemeji yangu ni fundi vioo, na mtaani wanamwita Mpole. Kioo anakikata bila kuacha hata ufa, na akipita njiani anasalimia mpaka paka. Akifika nyumbani, mikono ileile inageuka. Mdogo wangu alishang'olewa jino, akateguliwa bega, akachomwa pasi mgongoni, na kila tulipokwenda kituoni askari alituuliza swali lilelile: "Ushahidi uko wapi?" Ushahidi ulikuwa kwenye simu, na simu Mpole aliipigiza ukutani. Tukanunua nyingine. Nayo akaipigiza.

Nikachoka. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, naifanyia sebuleni kwangu, na hata ya kwao niliihariri mimi, nikaitia na wimbo wa kuliza watu. Wapiga picha wangu hawaniletei kazi mkononi. Wanaituma kwa intaneti moja kwa moja, kwa sababu kompyuta yangu niliigeuza kuwa seva ya kupokelea mafaili. Nikajiambia, kama inapokea mabibi harusi, itapokea na majeraha.

Mdogo wangu alikuja mchana, shavu limevimba, akaketi ubavuni mwangu nikaanza. Nikatengeneza folda mpya. Nikamfungulia akaunti yake na kumpa neno la siri. Nikaingia kwenye ruta, nikaielekeza kwamba chochote kitakachobisha hodi kutoka nje kiletwe kwenye kompyuta hii. Mwisho nikamwekea programu ndogo kwenye simu na kuificha nyuma ya kikokotoo. Akipiga picha tu, inafika kwangu hapohapo.

Tukafika kwenye ruhusa. Kuona, tiki. Kuweka, tiki. Kufuta nikakuacha bila tiki. Ndivyo tunavyofanya kazini, anayetuma hapewi kufuta, tangu mpiga picha mmoja alipogombana na mwenzake akafuta harusi nzima ya watu.

"Kwa hiyo hata mimi siwezi kufuta?" akauliza.

"Hata wewe. Hata akushikie kisu."

Nilisema hivyo kwa maringo, tena nikacheka. Yeye hakucheka.

Picha zikaanza kuingia. Shingo yenye alama za vidole. Paja lililovilia damu. Sikio limechanika. Nilikuwa nahariri watu wanalishana keki huku folda ya mdogo wangu inajaa pembeni. Tulikubaliana kwamba Jumatatu tunazipeleka zote kituoni, na siku hiyohiyo anahamia kwangu.

Jumamosi mchana dirisha la seva likaanza kuandika. Chochote mtu anachofanya humo kinajiandika, mstari kwa mstari. Akaunti ya mdogo wangu: futa, imekataliwa. Futa, imekataliwa. Nikajua Mpole ameigundua ile programu. Na nilifurahi, sifichi. Nikasema peke yangu, "Bonyeza mpaka kidole kiote sugu, mshenzi mkubwa."

Mstari mwingine. Kisha kimya kidogo, halafu mwingine. Kile kimya cha katikati ndicho kilichonishtua. Nikampigia mdogo wangu. Ikapokelewa, nadhani kidole kiligusa tu, maana hakuna aliyesema haloo.

"Futa!"

"Inakataa."

Kitu kizito kikatua kwenye nyama. Sauti nayo ni kazi yangu, najua nilichosikia.

"Inakataa, au wewe ndiye unayekataa? Futa, nimesema!"

"Inakataa jamani, inakataa..."

Pigo lingine. Kioo kikavunjika. Sasa hakuwa analia, alikuwa anakoroma. Nikapiga kelele mpaka koo likawaka moto, "Kompyuta ni yangu! Ni yangu mimi! Mwache!" Nani wa kunisikia?

Alikuwa anapigwa afungue kitu ambacho ufunguo wake nilikuwa nao mimi. Nikatazama ile folda, ushahidi wetu wote tuliokuwa nao duniani. Kuzinakili kungekula dakika ambazo mdogo wangu hakuwa nazo. Nikaweka tiki.

Futa, imekubaliwa. Shingo ikaondoka. Paja likaondoka. Sikio likaondoka. Folda ikabaki tupu, na kwenye simu nikamsikia Mpole akihema. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya dukani, "Umeona sasa? Si ungefanya hivyo mapema."

Nikachukua stendi ya kamera, ile ya chuma, nikakimbia hadi kwao. Nilimkuta nje anaosha mikono kwenye ndoo. "Karibu, shemeji," akasema. Nikamtandika nayo usoni, akaangukia vioo vyake vilivyoegemezwa ukutani, na nikaendelea kumtandika mpaka majirani waliponing'oa juu yake. Sijuti hata kidogo.

Hospitalini muuguzi alikuja na beseni na pamba. Mdogo wangu akamzuia kwa mkono uliokuwa mzima.

"Dada," akaniita, midomo haifungi vizuri. "Kwa nini ilikubali?"

"Niliweka tiki. Angekuua."

Akafumba lile jicho moja lililokuwa bado linaona.

"Nilijua hazifutiki. Ndiyo maana nilikuwa navumilia. Sikumwambia hata ni kompyuta ya nani, asije kwako."

Nililia kama mtoto, mbele ya muuguzi, mbele ya wagonjwa, sikujali. Yeye alisubiri nimalize.

"Una simu hapo?"

"Ninayo."

"Nipige picha, uiweke kwenye folda ileile. Kabla hajaniosha."

Nikainua simu.

"Subiri," akasema. "Ile tiki umeitoa?"

"Bado."

"Na simu yangu anayo yeye, atazifuta tena. Nenda kaitoe kwanza." Akamgeukia muuguzi. "Dada, weka beseni lako chini. Nitakaa na damu yangu hivihivi mpaka arudi."

Muuguzi akaliweka chini. Nikaenda.