Tochi Isiyo na Ukinzani

Mtaani walimwita Mita, na jina lilimkaa. Fundi redio gani mwingine angeambiwa na mkewe kwamba chai imepoa, naye akataka kwanza kuipima? Ufundi wenyewe aliutoa kwa baba yake, ambaye hakuwa fundi wa kitu chochote. Mita alipokuwa mdogo alimpelekea redio ya boksi aliyoiunda mwenyewe, tupu ndani, na mzee akaiweka sikioni, akatikisa kichwa na kusema inaimba vizuri. Mtoto akiaminiwa hivyo hana budi kuwa fundi.

Basi siku mzee aliposema tochi yake ya dukani haimuliki sawasawa, Mita hakuuliza habari za macho. Aliuliza tochi iko wapi. Alipoifungua akakuta takataka: waya mwembamba kama uzi, springi imeshika kutu.

"Umeme unachoka njiani, baba. Kila unapopita unakuta ukinzani. Nitakutengenezea tochi ambayo umeme wake hautakuta wa kuuzuia."

"Fanya, mwanangu," mzee akasema.

Akafanya kwa moyo wote. Alitafuta betri nene na taa kubwa ya LED, akaikalisha juu ya kipande cha shaba ili joto lipate pa kwenda. Mzee akaijaribu ukutani. "Nzuri, ila bado hafifu kidogo." Mita akaweka waya mnene zaidi. Bado hafifu. Akaparua rangi kwa msasa pale mfuniko unapojisokota, chuma kigusane na chuma. Mzee akashukuru sana, kisha akauliza kwa upole kama haiwezi kuongezwa.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi na mzee, akamfuata dukani kwake.

"Mdogo wangu, jana baba kamimina maji pembeni ya kikombe. Mpeleke akaangaliwe macho."

"Nitampeleka. Nimalizie springi kwanza."

"Springi ina nini tena?"

"Ukinzani uliobaki wote uko hapo. Nikiilehemu na waya wa shaba, umeme upite wayani badala ya kuzunguka springi nzima, kwisha kazi."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na wewe unasingizia springi. Ningempeleka mwenyewe, lakini hataki. Anasema mwanawe ni fundi, na mwanawe kasema kosa ni la tochi." Akaokota mkoba wake. "Ukinzani wenyewe ni wewe."

Mita alicheka, lakini kicheko hakikushuka moyoni. Alikuwa amekwisha kuona. Juzi yake waliiwasha tochi ile uani, jirani akajifunika uso kwa kanga na kuuliza kama wanataka kumpofua. Na mzee, kando yake, alikuwa amenyoosha shingo akiuliza kama imewaka. Mita aliliona hilo kwa macho yake mawili mazima, akaenda zake kuhangaika na springi. Mezani kwake alikuwa bingwa. Kwa daktari angekaa kwenye benchi kama watu wengine, akisubiri kuambiwa jambo asiloweza kulilehemu. Aliogopa, huo ndio ukweli, na woga wake akauita kazi.

Springi ikakamilika. Kipimo cha umeme kikasoma vizuri kuliko alivyotarajia. Asubuhi iliyofuata mzee akajikwaa kwenye kigoda alichokikalia miaka yote, akachanika paji la uso, na hapo ndipo Mita alipofunga duka.

Daktari wa macho alimpima mzee bila haraka. "Ni presha ya macho," akasema. "Haiumi, ndiyo ubaya wake. Inakula taratibu. Kilichopotea hakirudi. Hii dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo sana. Mngemleta mapema..." Hakuimalizia sentensi. Mita alitamani aimalizie, amtukane ikiwezekana, kwa sababu ile huruma ilimchoma kuliko tusi.

Njia nzima mzee alimshika kiwiko na kuzungumza habari za mvua. Walipofika chumbani mzee akaketi kitandani, akanyoosha mkono.

"Tochi imekwisha? Hebu niione."

Mita akaitoa mkobani, akampa, mawazo yakiwa mbali. Mzee akapapasa swichi, akaibonyeza, akaelekeza ukutani.

"Hapo sasa," akasema. "Leo umeiweza, mwanangu. Usijisumbue tena. Inawaka vizuri."

Dada alisimama mlangoni na kikombe cha maji. Aliutazama ukuta, kisha akamtazama mdogo wake. Mita akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Betri ilikuwa humo. Aliichomoa asubuhi, maana tochi isiyo na ukinzani ikijiwasha mkobani huunguza nguo. Akamtazama mzee, aliyekuwa akitikisa kichwa vilevile kama siku ile ya redio ya boksi. Angeweza kunyamaza akasamehewa, na msamaha wa namna hiyo hakuustahili.

"Baba, haina betri," akasema. "Na kosa halikuwa la tochi. Nilijua tangu ile siku ya uani."

Mzee akabonyeza swichi tena, kama anayeizima.

"Basi itie betri," akasema, "uniambie wewe inavyowaka."

Mita akaitia, akawasha. Ukuta wote ukawa mweupe, dada akafumba macho, na Mita akaketi kando ya baba yake akaanza kumweleza.