Viota Kumi na Kimoja

Mimi ni mwalimu wa sayansi na nina mdomo, sikatai. Watoto waliniita Kamanda kwa jinsi ninavyopenda kuamuru, nami nilijifanya sisikii.

Kila Jumamosi asubuhi niliwapeleka ufukweni, watoto kumi na wanane, viatu mkononi. Wengi wao walikaa hatua chache tu kutoka baharini na hawakuwahi kuitazama sawasawa. Tuliokota plastiki, tukapima joto la mchanga, tukatafuta viota vya kasa. Kasa akipanda kutaga huacha alama pana mchangani, kama gunia lililoburutwa. Aliyezisoma alama hizo kutushinda sote ni msichana mmoja wa darasa la tano, kadogo hivi, tuliyemwita Mpelelezi. Alipiga magoti, kisha akasema, "Mayai yapo hapa." Hakukosea hata mara moja.

Tulipata viota kumi na kimoja. Kimoja kilikuwa chake, alikiona mwenyewe, na mayai yalibakiza kama siku tisa yaanguliwe. Siku hizo alizihesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa kwao, mama yake akafoka mpaka akachoka.

Basi wakaguzi wa elimu wakatuma habari kwamba watakuja kutazama kazi yetu. Hapo ndipo akili yangu ilipohama. Niliamuru kila kiota kichomekewe kijiti chenye kitambaa chekundu na namba, wageni wavione kwa urahisi. Eti na sisi tuonekane watu.

Mpelelezi akanivuta shati. "Mwalimu, si kila mtu ataviona?"

"Nani mwalimu hapa, mimi au wewe?"

Wenzake walicheka. Alichukua vijiti, akavichomeka shingo upande, kimoja kimoja, akamalizia na cha kwake.

Wakaguzi walikuja Ijumaa, wakapiga picha, wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Jumamosi tulipofika tulikuta mashimo kumi na moja. Wezi wa mayai hawakuhangaika kutafuta chochote. Walifuata namba zangu, moja mpaka kumi na moja, wakachota, wakaenda zao.

Nilikaa mchangani. Watoto walinitazama wakingoja Kamanda aseme kitu. Niliwaambia ukweli: kosa ni langu, Mpelelezi alinionya nikamkata kauli. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Akaitikia, "Haya, mwalimu," kwa adabu zote, akaanza kufukia shimo lake kwa mikono.

Wazazi wengine waliwaondoa watoto wao. Yeye aliendelea kuja. Wiki ya tatu nilimkuta ametangulia mbali mbele ya kundi, anafuta alama mchangani kwa tawi huku akirudi kinyumenyume. Magoti yake yalikuwa yamejaa mchanga mbichi. Nilielewa papo hapo, nikafurahi kama mjinga.

"Umepata kingine?"

Aliendelea kufuta.

"Kiko wapi, mwanangu? Nionyeshe tu, sitagusa."

Akasimama, akaniangalia usoni. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia.

"Hapa hakuna kitu, mwalimu," alisema. "Mchanga tu."

Wenzake walikuwa wanakaribia. Niligeuka, nikawawahi njiani, nikawaambia leo tunaanzia upande ule mwingine.